Siku nne Valencia bila nguruwe wala pombe: mle nini, saa ngapi, na wapi msikanyage

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mombasa. Anasema yeye na mumewe watakuwa Valencia, Uhispania, tarehe 7 mpaka 10 mwezi wa kumi, mume ana mkutano wa kikazi asubuhi mbili za mwanzo, baada ya hapo wako huru. Anauliza: "Hatuli nguruwe, hatunywi pombe, na nyama isiyochinjwa kihalali pia tunaikwepa. Nataka kuonja vyakula vyao vya asili kabisa sio vya watalii, hasa hiyo paella manake kila mtu ananiambia ni pilau ya Wazungu. Je tutapata chochote cha maana ama tutashinda na chipsi?"

Dada yangu, chipsi hamtazigusa. Valencia ni mji wa bahari na mpunga, samaki na wali ndio chakula chao, kwa hiyo kwa mtu asiyekula nguruwe kuna nafuu kubwa kuliko kule bara, Madrid na Salamanca, ambako hata maharage ya kawaida yanachemshwa na soseji ndani. Nguruwe atakusumbua asubuhi na kwenye keki kidogo, hapo ntakueleza. Kitu kitakachowaharibia safari ni saa. Mimi ni mpishi huku, na wageni wanaoondoka wakisema chakula cha Valencia cha kawaida tu, ukiwadadisi unakuta walikula paella saa mbili usiku, wakanywa horchata, kile kinywaji baridi cha hapa, ya boksi wakati wa chai ya asubuhi, na mchana wenyeji wote wakiwa mezani wao walikuwa makumbusho wanatafuna sendwichi. Chakula kilekile, saa sio yake.

Saa zenyewe ndio hizi, na nazihesabu kwa Kiswahili cha kwetu usije ukachanganyikiwa. Kwenye saa tatu na nusu mpaka saa tano asubuhi kuna kula kwa pili baada ya kahawa ya alfajiri. Saa nane mchana ndio wali, na ndio mlo mkubwa wa siku. Saa kumi na moja jioni horchata. Saa tatu usiku au zaidi, visahani vidogo vya kugawana. Katikati ya saa kumi jioni na saa mbili na nusu usiku majiko mengi yamefungwa, na lile lililo wazi muda huo lina mapicha makubwa ya chakula mlangoni, ujue limefunguliwa kwa ajili yako wewe mgeni na mimi singeingia.

Sasa paella. Kuiita pilau ya Wazungu ni kuwaonea wote wawili. Pilau yetu unaanza na kitunguu mpaka kiive rangi, jira, hiliki, mdalasini, karafuu, mchele mrefu, unafunika, moto chini na makaa juu, unataka punje zichambuke na kila punje ibebe viungo. Paella ya Valencia haina kitunguu hata kimoja, wenyewe wanasema kitunguu kinaufanya wali ulegee. Haifunikwi. Viungo ni zafarani na unga wa pilipili nyekundu isiyowasha, basi, labda kijiti cha rosemari dakika za mwisho. Mchele ni mfupi mnene, na kazi yake ni kufyonza supu, ndio maana ladha yote iko kwenye ile supu sio kwenye bizari. Mtu wa Mombasa akiionja mara ya kwanza anaweza kusema mbona imepoa, haina viungo. Usihukumu kijiko cha kwanza. Cha tatu ndio unaanza kusikia nyama, nyanya, maharage, na ule moshi wa kuni.

Halafu ile paella unayoiona kwenye picha, kamba juu, kome pembeni, limau limekatwa, hiyo sio ya asili ingawa pwani wanaipika na inaliwa vizuri tu. Ya asili ni ya shambani. Mwaka 2012 bodi inayolinda jina la mchele wa Valencia iliandika vitu kumi vya lazima: mchele, maji, mafuta ya zeituni, chumvi, zafarani, nyanya, kuku, sungura, maharage mabichi mapana wanayoyaita ferraúra, na garrofó, yale maharage meupe makubwa bapa yanayoyeyuka mdomoni kama siagi. Konokono, bata, artichoki, vinaruhusiwa kulingana na kijiji na msimu. Soseji hapana. Mwaka 2016 mpishi Mwingereza Jamie Oliver alitia soseji ya chorizo kwenye yake, matusi aliyoyapata mtandaoni sijui kama alishawahi kuyapata kwa kitu kingine. Mwaka 2021 serikali ya jimbo ikaitangaza paella kuwa urithi rasmi wa utamaduni, kwa hiyo ukibishana na mwenyeji kuhusu paella jua unabishana na serikali.

Inavyopikwa, angalia ukipata nafasi ya kuona jiko la kuni, manake nusu ya utamu ni kuangalia. Karai pana bapa, hilo karai ndilo linaitwa paella. Kuni za mchungwa. Mafuta, chumvi kidogo, nyama inakaangwa polepole mpaka iwe kahawia kabisa, hapo hawana haraka, anayeharakisha hapo supu yake inakuwa maji. Maharage yanaingia, nyanya iliyokunwa inakaangwa katikati ya karai, unga wa pilipili sekunde chache tu usiungue, halafu maji mpaka yafike kwenye misumari ya vishikio. Inachemka muda mrefu supu ikolee, ndipo mchele unamwagwa na kusambazwa, na kuanzia hapo hakuna mwiko unaogusa tena. Dakika kumi na nane hivi, moto mkali mwanzo halafu unapungua. Wali unatakiwa uwe mwembamba, unene wa kidole haufiki. Dakika ya mwisho moto unapandishwa kidogo na mpishi anainama kusikiliza, maji yakiisha sauti inabadilika kutoka kuchemka kuwa kukaanga, anahesabu kimoyomoyo kisha anatoa. Hapo ndio umepatikana ukoko. Wao wanauita socarrat, na kwao sio kitu cha watoto kugombania jikoni, mtu mzima na tai yake anaukwangua mezani bila haya. Ukoko mzuri ni wa kahawia unaong'aa, una utamu. Mweusi umeungua, warudishie.

Mnakula pamoja kwenye karai lenyewe kwa kijiko cha mbao, kila mtu mbele yake, kama sinia la kwetu, na kuvuka mpaka wa mwenzako ni utovu wa adabu hukohuko kama ilivyo kwetu. Shemeji atafurahi hapo.

Sasa tatizo lenu. Kuku na sungura wa mahoteli ya kawaida hawajachinjwa kihalali, kwa hiyo paella ile ya vitu kumi mahotelini hamtaila, bora nikwambie wazi kuliko nikuzungushe. Njia zipo mbili. Mkikodi nyumba yenye jiko badala ya hoteli, nendeni mtaa wa Russafa, pale kuna maduka ya watu wa Afrika Kaskazini na Wapakistani, mtapata kuku wa halali, mboga mnachukua sokoni, na mnapika wenyewe, sungura mkimkosa haidhuru, kuku peke yake anatosha. Njia ya pili ni kuiacha ya nyama na kwenda kwenye ndugu zake wa baharini, na hapo wala hamjapunguziwa kitu. Kwa maoni yangu wali bora wa mji huu ni wa samaki.

Anza na arròs a banda. Hiki kilikuwa chakula cha wavuvi, wanachemsha wale samaki wadogowadogo wa miba wasiouzika, supu inakuwa nzito nyekundu, wali unapikwa kwa ile supu kwenye karai na samaki analiwa kando. Ukiletewa utaona wali mtupu wa rangi ya dhahabu iliyochakaa na vipande viwili vitatu vya ngisi, utasema nimeibiwa. Onja. Pembeni wanaweka allioli, kitunguu saumu kilichopondwa na mafuta, unachovya kidogo ukingoni, usimwage juu ya wali wote. Mwenzake anaitwa arròs del senyoret, ni huohuo lakini kamba na kila kitu kimeshamenywa, wa bwana mkubwa asiyetaka kuchafua vidole, mzuri kama mna nguo nzuri. Halafu wa tatu ni arròs negre, mweusi tii kwa wino wa ngisi au dome, meno yanakuwa meusi mpaka jioni, msiupige siku ya kupiga picha.

Na kuna fideuà, hii sio wali ni tambi fupi zinazopikwa kwenye karai lilelile kwa supu ya samaki, asili yake Gandia, kusini mwa Valencia. Wenyewe Gandia wanasimulia ilianzia kwenye chombo cha uvuvi, nahodha alikuwa anaupenda wali mno mpaka wengine hawashibi, mpishi akabadilisha mchele akatia tambi ili bwana mkubwa apunguze kula, na ikawa ndio kwanza kila mtu anaomba. Kweli au uongo, chakula ni kitamu. Tambi za juu zinasimama wima zimekauka ncha, ukiona hivyo mpishi anajua kazi.

Kwa wali wa bahari pale ufukweni, kuanzia Las Arenas mpaka Malvarrosa, kuna majina ya zamani, La Pepica ipo tangu 1898 na mwandishi wa Marekani Hemingway alikuwa akila hapo, Casa Carmela ipo tangu 1922 na bado wanapika kwa kuni za mchungwa. Casa Carmela bila kubuku mapema usijisumbue. Na popote mtakapokwenda kumbukeni wali unaanzia watu wawili, unasubiriwa nusu saa au zaidi, na wote mezani mnakubaliana aina moja. Hoteli inayokuuzia paella ya mtu mmoja na inafika baada ya dakika tano, hiyo imetoka friza imepashwa. Rangi pia isikudanganye, ile njano kali inayowaka ni rangi ya chakula, tena hata majumbani huku wanaitumia sana manake zafarani ni ghali, ila ikikaribia rangi ya jaketi la bodaboda hapana jamani.

Jambo moja la kuuliza kila mara, hata kwenye wali wa samaki: supu. Wapishi wengine wanatumia supu ya kuku kwenye wali wa kamba. Sema "¿el caldo es de pescado?", supu ni ya samaki? Akijibu sí bila kufikiri, kaa. Akianza kuangalia dari, mwambie akaulize jikoni, hawachukii. Na usiseme tu kwamba huli nyama, manake kwa wahudumu wengi huku vipande vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa, havihesabiki kuwa nyama, utaletewa saladi imenyunyuziwa na mtu anakuangalia anashangaa umenuna nini. Taja mnyama kwa jina: "sin cerdo, sin jamón, sin tocino", bila nguruwe, bila jamón, bila mafuta ya nguruwe. Na pombe: "¿lleva vino?", ina divai? Samaki na kome mara nyingi wanamwagiwa divai nyeupe kwenye kuchemsha, kwa hiyo uliza kabla, kwa mvuke mtupu inawezekana vizuri tu.

Tarehe 7 na 8 shemeji yuko mkutanoni asubuhi, wewe nenda Mercado Central peke yako. Soko kubwa la chuma, vioo na vigae lililofunguliwa 1928, liko Jumatatu mpaka Jumamosi saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa mchana, lakini ukifika baada ya saa saba wengine wanafunga tayari. Tarehe 9 ni sikukuu, limefungwa, usipange siku hiyo. Upande wa samaki ndio nenda kwanza. Utaona mikunga hai kwenye matangi ya maji, kamba wekundu wa Dénia bei yao utaisoma mara mbili, dome, pweza. Kisha tafuta vibanda vya samaki wa chumvi, manake mtu wa pwani hapo anajisikia nyumbani: mojama ni mnofu wa jodari uliotiwa chumvi ukakaushwa, ng'onda ya kifahari, inakatwa vipande vyembamba mno unaona mwanga, unaila na mafuta ya zeituni na lozi. Waombe wakukatie gramu mia tu. Karibu yake utakuta capellans, samaki wadogo wakavu wanaochomwa kidogo motoni kisha wanachanwachanwa na kutiwa mafuta. Harufu yake ukichoma itakuita mpaka mtaa wa pili. Wageni hawanunui kabisa, hawajui wanachokosa.

Asubuhi hiyohiyo ndio ya esmorzaret, ule mlo wa saa nne. Hii ndio Valencia yenyewe kuliko paella, watu wa kila kazi, mafundi wa bomba, makarani, wazee wastaafu, wanakaa na mkate mrefu nusu mita umejazwa vitu, karanga za maganda na zeituni zimewekwa katikati kabla hujaagiza, na makelele. Mikate mingi ina nguruwe kwa majina yanayoficha: almussafes ina soseji laini, blanc i negre ni soseji mbili, brascada ina ng'ombe lakini na jamón pia. Nyie agizeni tortilla, ile ya mayai na viazi, au wa dome wa kuchoma na mayonezi, au wa ngisi. Na mwishoni watawaletea au kuwashawishi cremaet, kahawa ya tabaka tatu inapendeza machoni, chini yake ni ramu iliyowashwa moto na sukari. Sehemu ya pombe inaungua, sio yote. Kahawa ya maziwa inatosha.

Hapohapo kwenye mambo ya kupendeza machoni, kuna agua de Valencia. Jagi la kinywaji cha machungwa, barafu, kila meza ya uwanjani inalo, jina lenyewe linasema ni maji. Ndani kuna divai ya mapovu, jin na vodka. Ilibuniwa 1959 kwenye mkahawa wa hapahapa mjini. Mkitaka juisi semeni "zumo de naranja natural", machungwa yanakamuliwa mbele yenu.

Alhamisi kama haijagongana na tarehe 9, saa sita kamili mchana simameni mlango wa Mitume wa kanisa kuu. Wazee wa mahakama ya maji wanakaa hapo kwenye duara kila Alhamisi kuamua kesi za wakulima wanaogombania mifereji, kwa mdomo bila karatasi, UNESCO iliitambua 2009. Wiki nyingi hakuna kesi, inaisha kabla hujatoa simu mfukoni. Naitaja kwenye habari za chakula kwa sababu mifereji hiyo, na mpunga wenyewe, vilishamiri enzi za utawala wa Waislamu hapa kabla ya 1238, na yale maharage ya kwenye paella mpaka leo yanamwagiliwa na mifereji hiyohiyo. Dakika kumi, kisha mnaenda kula.

Kwenye mpunga sasa. Kusini mwa mji, kama kilomita kumi, kuna ziwa la Albufera, maji baridi, limetenganishwa na bahari kwa ukanda wa msitu wa misonobari, na mashamba ya mpunga yamelizunguka pande zote. Ni hifadhi tangu 1986. Mkienda mwezi wa kumi mavuno ndio yanaisha, mashamba mengine yamebaki mabua na yangeyange wanatembea nyuma ya trekta. Kijiji cha kula kinaitwa El Palmar, zamani kilikuwa kisiwa, basi la EMT namba 24 linawafikisha kutoka mjini. Karibu kila mlango wa pale ni hoteli ya wali. Kinacholiwa hapo kwa umaarufu ni all i pebre, mkunga wa ziwani kapikwa na kitunguu saumu kingi, unga wa pilipili nyekundu na viazi, mchuzi unakolezwa na lozi zilizopondwa. Mchuzi huo na mkate, dada, utasahau una mume. Lakini ntakwambia na hili uamue mwenyewe, mkunga wa Ulaya yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, siku hizi wengi wanaouzwa ni wa kufugwa, na hao nao wamevuliwa wadogo baharini manake hakuna aliyefanikiwa kuwazalisha kibiashara. Mimi naagiza sahani moja ya watu wanne, tunachovya, basi. Mkienda El Palmar fikeni saa saba mchana, mpande mashua baada ya kula sio kabla, manake ukirudi saa tisa na nusu jiko limefungwa.

Ule wali mwingine maarufu wa hapa, arròs al forn, wa kuoka kwenye chungu na dengu kubwa, viazi na kichwa kizima cha kitunguu saumu katikati, kwa bahati mbaya umejaa mbavu za nguruwe na soseji ya damu. Huo uacheni.

Jioni ya siku yoyote, saa kumi na moja, horchata. Hii chufa inayotengenezea ni vijiazi vidogo vya mmea wa jamii moja na ndago, ile ile jamii inayomtesa mkulima kwetu anaing'oa anaitupa, huku imepewa jina linalolindwa kisheria na inalimwa kwa heshima zote vijiji vya kaskazini mwa mji. Vinaoshwa, vinalowekwa, vinasagwa na maji, vinakamuliwa, sukari, barafu. Hakuna maziwa ndani, hakuna pombe, hakuna karanga. Ladha, sijui nikwambieje, utamu wa udongo safi hivi na lozi kwa mbali. Ikiwa mbichi haikai hata siku tatu, ndio maana ile ya boksi dukani imechemshwa na ni kitu kingine, usiipoteze hela. Pandeni metro laini namba 3 mshuke Alboraia Peris Aragó, ndio kijiji chake, pale mnaipata imekamuliwa siku ileile. Kama hamna muda, Santa Catalina katikati ya mji panatosha, vigae vyake tu ni burudani. Mnaichovya farton, mkate mrefu mlaini wenye sukari juu. Fartoni za kawaida ni za mafuta ya mimea, lakini kwa keki na biskuti nyingine kila mara uliza "¿lleva manteca?", ina mafuta ya nguruwe? Na ukiona neno mistela kwenye lebo hiyo imetiwa kileo, anís nayo huenda ni kileo, uliza.

Usiku msitafute wali. Wenyeji hawali wali usiku, wanasema unalala tumboni, na jiko zuri la wali usiku halijawashwa. Kuleni vitu vidogo: esgarraet, pilipili hoho nyekundu zilizochomwa zikamenywa zikachanwa kwa mikono pamoja na samaki wa chumvi, kitunguu saumu na mafuta, inaletwa baridi na mkate, dome wa kuchomwa kwenye chuma, na mtaa wa Cabanyal, ule wa wavuvi wa zamani wenye nyumba za vigae rangirangi, ombeni titaina, jodari wa chumvi na nyanya, hoho na mbegu za msonobari. Kome wadogo wa hapa, clòtxines, watamu kuliko kome wote, ila msimu wao ni mwezi wa tano mpaka wa nane. Mwezi wa kumi mkiviona kwenye menyu ni kome wengine waliotoka mbali. Sio wabaya, ila bei isiwe ya wale.

Tarehe 9 mmebahatika. Ndio siku ya Valencia, mfalme Jaume wa Kwanza aliingia mjini 1238, na pia ni Sant Dionís, siku yao ya wapendanao. Mwanaume anampa mwanamke mocadorà, yaani vitamu vya lozi na sukari vilivyofinyangwa kama matunda na mboga, vidogo vya kutosha kiganja, nyanya, tikiti, biringanya, maganda ya maharage, vimefungwa ndani ya kitambaa cha hariri cha kuvaa shingoni. Vitamu wanakula, kitambaa mwanamke anaweka, kuna bibi huku wana droo nzima. Madirisha ya maduka ya keki yanaanza kupambwa wiki moja kabla. Mpe shemeji makala hii aisome hapa tu, pengine panatosha. Siku hiyo maduka yamefungwa na kila familia imetoka kula nje, kwa hiyo meza ya tarehe 9 mchana muibuku sasa hivi mkiwa bado Mombasa, saa nane mchana, na wali mutaje kabisa kwenye kubuku manake wengine wanapika kwa oda tu.

Cha kurudi nacho: mchele wa aina inayoitwa bomba kwenye mfuko wa kitambaa, wenye muhuri wa Arroz de Valencia. Wapishi wengi wa hapa wanaupenda zaidi wa aina ya senia, unafyonza ladha vizuri, lakini ukichelewa dakika mbili umekuwa uji, kwa hiyo wa kujifunzia ni bomba. Na karai lenyewe, pembeni ya Mercado Central kuna maduka yanauza kwa saizi zote, la sentimita 40 linatosha familia na linaingia kwenye sanduku kubwa, pimeni kwanza. Chukueni la chuma kitupu kinachong'aa, ni rahisi na ndilo linatoa ukoko mzuri kuliko yale ya enameli yenye madoa. Ila lile ukilisahau na maji linashika kutu usiku mmoja, na kwa hewa ya chumvi ya Mombasa itakuwa haraka zaidi, ukishaosha lirudishe motoni likauke kabisa, lipake mafuta ya kupikia kwa karatasi ndani na nje, ndipo ulitundike.